Watoto wa Mjomba, Deni la Baba

Kuna neno moja linalotumiwa vibaya sana katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, nalo husemwa kwa sauti ya upole, kama mtu atajaye jambo lisilo na ubishi: "Watoto ni wa mjomba wao." Tumelisikia barazani na msibani, na hata katika ofisi tulimokuwa tukiutumikia umma. Hulinena mwanamume aliyemwacha mkewe na watoto watatu au wanne, pale atakiwapo aseme watoto hao watakula nini. Akisha kulinena huchukua kofia yake akainuka. Kwake yeye shauri limekwisha. Wazee waliokaa pale hutikisa vichwa, maana mila imetajwa, na mila ikitajwa nani atathubutu kuipinga?

Sisi twathubutu. Wala hatuipingi mila. Twampinga huyo aitajaye nusu.

Ni kweli kwamba Wamwera, na majirani zao Wamakua, Wayao na Wamakonde, tangu zamani wamehesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwanamume alipooa alihamia kwa wakwe zake, akafyeka na kulima huko, na watoto waliozaliwa wakawa wa ukoo wa mama yao. Kaka wa mama ndiye aliyekuwa msimamizi wao. Wayao wana neno mbumba, yaani kundi la dada na watoto wao walio chini ya ulinzi wa kaka mmoja, na heshima ya kaka huyo ilipimwa kwa jinsi mbumba yake ilivyoshiba na kutulia. Mjomba aliwagawia wapwa zake mashamba, aliwalipia faini, aliwasimamia katika jando na katika posa. Baba naye hakukaa bure. Jembe lake lilikuwa katika shamba la mama wa watoto, mbele ya macho ya mkwe. Basi mtoto alikuwa na wanaume wawili wa kumtazama. Mahali gani katika mila hiyo palisemwa kwamba mtoto akose wote wawili?

Tazama hali ilivyo leo. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilileta Nachingwea ule mpango wake wa karanga, uliokufa 1951. Karanga hazikuota kama walivyotazamia, lakini mshahara uliota, na mwanamume akazoea kuwa na fedha yake mfukoni, mbali na shamba la mkwe. Ikaja korosho. Mjomba wa siku hizi ana mikorosho yake, ana nyumba ya bati, na ana watoto wake mwenyewe wanaotaka sare na madaftari. Ukimpelekea wapwa wanne atawapokea kwa maneno mazuri, na jioni mke wake atauliza kuna unga kiasi gani. Hatumlaumu. Mzigo wa mila umemwondokea kidogo kidogo, wala hakuna mkutano uliokaa ukaamua nani aubebe. Aliyeuona umeanguka, akauruka na kwenda zake, ni baba.

Na anakwenda na fedha. Tangu 2007, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kusini, korosho hukusanywa katika chama cha msingi, huuzwa mnadani, na malipo huingia katika akaunti ya benki. Kwa wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale minada hiyo husimamiwa na chama kikuu chao, RUNALI. Utaratibu huu hatuna ugomvi nao. Lakini akaunti ina jina moja, na mara nyingi jina hilo ni la mume. Waliopalilia ni wengi, waliosaidia kupulizia salfa ni wengi, waliookota jua likiwa utosini ni mama na watoto, benki haiwajui. Tena tumeona, nasi hatusemi kwa mzaha, kwamba minada ikikaribia ndipo baadhi ya waume hukumbuka kuwa wake zao wana makosa.

Sasa sheria inasema nini? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara kwa watu wa dini zote na wasio na dini, inamwekea mwanamume wajibu wa kuwatunza watoto wake wawe mikononi mwake au mikononi mwa mtu mwingine: makazi, mavazi, chakula na elimu. Msomaji ayatazame vizuri maneno hayo, "mtu mwingine". Mtu huyo aweza kuwa mama, aweza kuwa bibi, aweza kuwa mjomba. Wajibu wa baba hauhami pamoja na mkeka wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaongeza nguvu, na ikaifuta ile sheria ya zamani iliyomwekea baba wa mtoto wa nje ya ndoa kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi 100! Hata kalamu hainunuliki.

Wapo wasemao kwamba sheria hii ni ya kigeni. Hoja hiyo ni dhaifu. Kabla haijatungwa, Serikali ilitoa Waraka Na. 1 wa 1969 ili wananchi waseme lao, ndipo Bunge letu likapitisha. Wala haikuitupa mila. Katika shauri la nani akae na mtoto, sheria inaweka mbele ustawi wa mtoto mwenyewe. Baada ya hapo inamtaka hakimu ayasikilize matakwa ya wazazi, maoni ya mtoto akiwa na umri wa kujieleza, na desturi za jamii yao. Mtoto wa chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa afadhali akae na mama, ila ikithibitika vinginevyo. Kwa hiyo Mmwera aweza kusimama mahakamani akaeleza mila ya ukoo wa mama, naye atasikilizwa. Asichoweza ni kuigeuza mila hiyo risiti ya deni lililolipwa.

Katika talaka yenyewe watu wetu hudanganyika vilevile. Mume huandika karatasi, au siku hizi hutuma ujumbe wa simu, na mke hufunga mzigo akaenda kwao kimyakimya. Kwa sheria ndoa hiyo haijavunjwa. Isipokuwa kwa sababu chache, kama mume asiyejulikana aliko, shauri hupita kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la dini, na likishindwa kuwapatanisha hutoa hati. Kwa hati hiyo mtu huomba talaka mahakamani, na Mahakama ya Mwanzo ina uwezo huo. Hakuna haja ya kwenda Lindi kumtafuta wakili. Waliooana Kiislamu, talaka iliyotolewa baada ya baraza kushindwa huheshimiwa na mahakama. Mke anayeondoka bila kupita njia hii huacha nyuma mikorosho, nyumba, na haki ya kuuliza.

Maana anayo haki ya kuuliza. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiwamo, iliamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Mama aliyeleta shauri hilo mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona alizitumia vibaya fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia. Lakini mlango aliousukuma wamepita wengi.

Tusidhaniwe kuwa tunawaonea wanaume. Yuko mwanamume aliyepanda mikorosho katika ardhi ya ukoo wa mkewe, akaipalilia miaka ishirini, kisha ukoo ukamfukuza na shoka lake begani. Huyo naye amedhulumiwa kwa jina la mila, na sheria hiyo hiyo inamruhusu kudai thamani ya jasho lake. Ila tumegundua jambo: akidai korosho zake huijua sana sheria ya 1971, na akidaiwa unga wa watoto huikumbuka mila.

Tulialikwa katika shule moja ya sekondari wilayani Ruangwa tuwasomee wanafunzi mashairi. Mazungumzo yakaangukia jambo hili, na msichana wa kidato cha tatu akanyanyua mkono. Ada imefutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, alisema, lakini sare, madaftari na chakula bado mama yake anavitafuta peke yake, kwa sababu baba amesema yeye ni wa mjomba. Kisha akauliza: "Kama mimi ni wa mjomba, mbona katika cheti cha kuzaliwa na katika daftari la mahudhurio jina langu la mwisho ni la baba?"

Mwalimu wake alitutazama sisi. Nasi tulikuwa tumekuja na mashairi tu.