Ustawi wa mwanafunzi huanzia darasani

Tunapompeleka kijana chuo kikuu, hushughulika na ada, malazi na fedha za kujikimu. Akishasajiliwa, wengi wetu huona kazi imekwisha, tukabaki kungoja matokeo. Lakini kijana huyo, aliyezoea kuitwa kwa jina na walimu wa sekondari, sasa huketi katika ukumbi wa mamia ya watu, akaweza kukosa vipindi kwa majuma bila ya yeyote kumwulizia. Akilemewa hunyamaza. Wapo wazazi wanaoujua ukweli siku kijana anapoondolewa chuoni, au kama wasemavyo wenyewe, anapodisko.

Kuwapo kwa ofisi ya ushauri nasaha ni jambo jema, ila huifikia yule tu aliyepata ujasiri wa kubisha hodi. Darasani ndiko wanakokutana wote.

Katika Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, Marekani, jambo hili lilitambuliwa mapema. Tangu mwaka 2005 upo mpango uitwao Engelhard, ambao mhadhiri huingiza katika somo lake suala moja la maisha ya wanafunzi, kama vile usingizi, msongo wa mawazo au ulevi. Mtaalamu wa afya wa chuo hualikwa kuzungumza na darasa, kisha wanafunzi huandika tafakuri zao. Somo hubaki lile lile. Kinachoongezeka ni kuwa mwanafunzi ameshaiona sura ya mtu anayeweza kumwendea siku ya dhiki.

Yapo pia mambo yasiyohitaji fedha, ambayo vyuo vyetu vingeweza kuyafanya muhula ujao. Wahadhiri wa mwaka mmoja wapatane tarehe, ili majaribio matatu yasiangukie juma moja. Jaribio la kwanza lirudishwe mapema pamoja na maelezo. Pale ambapo mtihani wa mwisho hubeba alama 60 kati ya 100, aliyeteleza anapaswa kujua angali na muda wa kujirekebisha. Na taratibu za kurudia mtihani au kuahirisha masomo zielezwe waziwazi siku za mwanzo, zisingoje siku ya msiba.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu, kwani mtoto ni amana hata akifika miaka 20. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini mara nyingi kijana huficha kwa kumwogopa atakayemsikiliza. Tukimpigia simu, tusianze na alama. Tumwulize analala saa ngapi, anasoma na nani, na ni mhadhiri gani anayemfahamu kwa jina. Tena tumwambie mapema, kabla ya matokeo yoyote, kwamba akifeli somo, mlango wa nyumbani haufungwi, na wa kwanza kuambiwa tuwe sisi.