Mkanda ni wa mwenye gari, mguu unaovunjika ni wa kijana

MWENGA, Kivu ya Kusini. Mvua ikinyesha usiku mmoja tu juu ya milima ya Mwenga, asubuhi barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Bukavu kwenda Kamituga, inageuka soko. Wamama wanakuja na ndizi na mihogo ya kuchoma, sababu wanajua wasafiri watalala njiani. Vijana wanakuja na majembe na mabeleshi, sababu wanajua kuna magari yatakwama. Na wenye magari? Hao wako mjini, wanapiga simu: «Mmefika wapi?»

Hakuna mkaaji wa huku asiyejua namna kazi inavyofanyika. Jipu imezama katika potopoto mpaka tumbo. Jipu ingine inasimama mbele yake. Mnyororo unatolewa, au kamba ya chuma yenye kutu, au kamba za mizigo tatu zilizofungwa mafundo. Wanafunga popote panapoonekana chuma. Vijana kumi wanasukuma nyuma, wengine wanne wanasimama kando kando ya mnyororo wakiushika kwa mikono, watoto wanaangalia. Mtu anapiga kelele: «Papa shofere, kanyaga!» Shofere anarudisha gari nyuma kidogo, kisha anaruka nayo mbele kwa nguvu zote.

Gari ikitoka, watu wanapiga makofi. Chuma kikikatika, watu wanasema ni bahati mbaya. Ukweli lazima usemwe: hiyo si bahati mbaya. Ni uzembe, na una wenyewe.

Mnyororo hauvutiki. Gari inayovuta ikifika mwisho wake, pigo lote linaingia mara moja katika chuma. Kama gari ya nyuma imeshikwa sana na matope, kuna kitu lazima kipasuke: kiungo cha mnyororo, ndoano, au chuma cha gari yenyewe. Kipande hicho kinaruka kwa nguvu ya gari ya tani mbili au tatu, na hakichagui mtu.

Kwa sababu hiyo watu wa magari ya njia mbaya walitengeneza mkanda wa nailoni unaovutika. Mwingi una urefu wa mita 9 hivi, na ukivutwa unaweza kurefuka karibu mita mbili zaidi. Gari ya mbele inaanza kutembea, mkanda unarefuka, unakusanya nguvu, kisha unairudisha polepole kwa gari iliyokwama. Ile ya nyuma inatoka kama mtu aliyeshikwa mkono, si kama mtu aliyepigwa teke. Watu wachache wanahitajika, vyuma vinapona, na safari inaendelea.

Lakini wale ambao tayari wamenunua mkanda wasifurahi haraka. Wengi wao wanautumia kama mnyororo, na hapo hatari inaongezeka. Mkanda uliovutika ni manati. Ukifungwa kwenye chuma kibovu, kile chuma kinakuwa jiwe la manati. Kosa baya kuliko yote ni kuufunga kwenye kile kichwa cha mviringo cha kukokotea remoki. Kichwa hicho kimetengenezwa kwa kukokota, hakikutengenezwa kwa pigo. Kikikatika, kinaruka kama risasi, kinapita hata katika kioo cha gari. Nchini Australia, ambako watu wengi wanapita jangwani na msituni na jipu zao, kuna waliokufa hivyo. Sheria ya huko inalazimisha kila mkanda uuzwe na maandishi ya onyo na ya uzito unaoweza kuukata. Huku kwetu mkanda unauzwa pamoja na sabuni na misumari, na muuzaji hajui hata kile anachouza.

Basi kazi ifanywe namna gani? Kwanza, jembe. Matope yaliyo mbele ya magurudumu na chini ya tumbo la gari yaondolewe kabla ya kuvuta, sababu potopoto inanyonya gari kuliko watu wanavyofikiri. Mkanda uchaguliwe kufuatana na uzito: nguvu yake iwe mara mbili mpaka mara tatu ya uzito wa gari nyepesi kati ya hizo mbili, pamoja na mizigo yake. Jipu ya tani tatu inataka mkanda wa tani sita mpaka tisa. Ule mwembamba unakatika, ule mnene sana hauvutiki. Ufungwe kwenye ndoano au pete iliyoshikwa na bolti nzito kwenye chasisi, si kwenye chuma cha mbele cha urembo, wala kwenye ekseli. Mkanda usipigwe fundo, na mikanda miwili isiunganishwe kwa kipande cha chuma katikati.

Mkanda uachwe ulegee mita mbili hivi. Juu yake, katikati, liwekwe blanketi zito au gunia lenye mchanga kidogo, ili ukikatika uanguke chini. Kisha watu waondoke. Waende umbali usiopungua mara moja na nusu ya urefu wa mkanda, maana yake mita 13 na nusu kwa mkanda wa mita 9, tena wasikae kwenye mstari wa kuvuta, mbele wala nyuma. Hakuna mtu wa kuruka mkanda, hakuna wa kuushika, hakuna wa kusukuma wakati unavutwa. Shofere wa mbele aende na vitesi nzito, mwendo wa mtu anayekimbia kidogo, naye wa nyuma asaidie kwa magurudumu yake. Mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ya pigo inakuwa mara nne. Kama gari haitoki baada ya kujaribu mara mbili, wasiongeze mwendo. Warudi kwenye jembe.

Wenye magari wana majibu yao. La kwanza: «Hakuna pesa.» Mkanda mmoja haufikii bei ya tairi mpya ya jipu. Mtu mwenye pesa ya mafuta, ya péage na ya vizuizi vyote vya njiani hawezi kusema kwamba mguu wa kijana wa Mwenga ndio unaomshinda kununua.

La pili: «Serikali itengeneze barabara.» Ni kweli, na raia wasichoke kuidai. Lakini barabara mbaya haimlazimishi mtu kufunga mnyororo kwenye chuma kibovu huku watoto wamesimama karibu. Mpaka siku lami itakapofika, magari yatakwama kila msimu wa mvua. Kungojea lami ili kuanza kulinda watu ni kumwambia kijana angoje kufa kwanza.

La tatu linasemwa kwa sauti ya chini: «Vijana hao ni wezi, wanachimba mashimo wenyewe ili walipwe.» Kama wapo wanaofanya hivyo, wakemewe na waadhibiwe. Lakini tangu lini adhabu ya kuchimba shimo ni kuvunjwa mguu? Tena yule yule anayewaita wezi ndiye anayewaita waje kusukuma, anawapa franka chache, na jioni hakumbuki hata sura zao. Akiumia mmoja, gari inaendelea na safari yake, na familia ndiyo inayotafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali.

Polisi wa barabarani wanaomba kizimamoto, pembetatu na sanduku la dawa. Vizuri. Waombe pia mkanda mzima kwa kila jipu inayokwenda upande wa Kamituga, na waangalie mahali pa kuufungia. Mashirika ya usafiri yafundishe mashofere wao, sababu mkanda bila mafundisho ni silaha. Machifu wa vijiji waseme neno moja tu kwa vijana: mkanda ukivutwa, hakuna mtu karibu, hata kama malipo ni makubwa.

Shofere naye asijifiche nyuma ya tajiri wake. Kwenye matope yeye ndiye mkubwa. Yeye ndiye anayeweza kuzima mashini na kusema: «Siendi mpaka watu waondoke.» Mkanda ukioshwa kwa maji safi baada ya kazi na kukaushwa kivulini, mchanga hautakata nyuzi zake na utadumu. Ukipasuka hata kidogo pembeni, utupwe.

Gari iliyokwama leo itatoka kesho au keshokutwa. Kijana aliyepigwa na chuma kifuani haamki tena.