Daudi Hakurudi kwa Sauli

Muumini aliyeumizwa kanisani, awe amenyanyaswa na mchungaji, ameanikwa mbele ya usharika au amedhulumiwa alichotoa kwa imani, akithubutu kusema huonywa asimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Onyo hilo limewafumba wengi midomo. Wengine limewafikisha mahali pa kuona kwamba hawatapona mpaka wamwache Mungu pamoja na kanisa. Sisi tunashikilia kwamba kuusema ukweli wa jeraha, na hata kukaa mbali na aliyelitia, ni matendo ya imani yenyewe, na Maandiko yako upande wa anayefanya hivyo.

Tuitazame aya ambamo onyo hilo limetolewa. Katika Zaburi ya 105, wasioguswa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, tena walipokuwa wachache, wageni wasio na ardhi, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa. Wanaoonywa ni wafalme. Aya iliyomkinga mnyonge imegeuzwa ngao ya mwenye nguvu. Baada ya aya hiyo, wanaotoa onyo humtaja Daudi, aliyekataa kumuua Mfalme Sauli katika pango la En-gedi kwa kuwa alikuwa mpakwa mafuta wa Bwana. Ni kweli alikataa, lakini mahubiri mengi huishia hapo. Daudi alitoka pangoni, akamwita mfalme, akamwonyesha upindo wa vazi aliokata, akamweleza jinsi mfalme alivyomkosea na kumwachia Mungu aamue kati yao. Sauli akalia. Baadaye, katika sura ya 26 ya 1 Samweli, alikiri kosa na kumsihi Daudi arudi. Daudi akasema kijana mmoja avuke aje kuuchukua mkuki wa mfalme, ambao Daudi alikuwa ameutwaa Sauli akiwa amelala, kisha akaenda zake. Hakulipiza kisasi wala hakuacha kumtumaini Mungu, lakini hakurudi katika nyumba ambamo Sauli aliwahi kumrushia mkuki.

Tutaambiwa Yesu aliagiza kusamehe saba mara sabini. Aliagiza, nasi tunaliamini agizo hilo kwa moyo wote. Ila limo katika Mathayo 18, sura ambayo kwanza inamwonya vikali anayemkosesha mmoja wa wadogo, kisha inaagiza aliyekosa aambiwe kosa lake, mashahidi waitwe, na akikaidi kanisa lielezwe. Anayeushika mwisho wa sura na kuuruka mwanzo wake humtwisha aliyeumizwa mzigo wote, huku aliyeumiza akiwa hajaulizwa hata swali moja. Rwanda inatufundisha jambo hapa. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, ya Ntarama na Nyamata yakiwemo. Maaskofu Katoliki wa nchi hiyo waliomba radhi kwa waraka wa Novemba 2016, na Papa Fransisko akaomba msamaha Machi 2017. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 22. Kusali kwa manusura miaka yote hiyo hakukumaanisha kwamba hesabu imefungwa, na jengo la Nyamata halikurudishwa kuwa mahali pa ibada. Ni kumbukumbu ya waliouawa.

Pingamizi zito zaidi linatoka Waebrania 10: tusiache kukusanyika. Tunalikubali, kwa maana imani ya upweke hunyauka, na wapo wanaohama kanisa kwa kukwepa kila karipio. Lakini waraka huo unataka watu wakusanyike ili wahimizane katika upendo na kazi njema, na kusanyiko linalomtaka mtu anyamaze ili akubalike halijafika huko. Ahadi ya wawili au watatu nayo imo katika Mathayo 18 hiyohiyo. Anayesali mwaka mzima na majirani wawili sebuleni hajauacha mwili wa Kristo. Wakati huo usharika wake una kazi ya kufanya: kuunda jopo la kusikiliza malalamiko ambalo mchungaji anayelalamikiwa haliongozi wala hateui wajumbe wake, kuyapeleka polisi yaliyo jinai, na kumjulisha aliyeumizwa, kwa maandishi, kilichoamuliwa.