Mitumba na Mipaka ya Dola

Machi 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha wakaafikiana kwamba ndani ya miaka mitatu nchi zao ziachane na nguo na viatu vya mitumba. Sababu ilikuwa na mashiko. Viwanda kama Mwatex cha Mwanza na Kicomi cha Kisumu, vilivyowahi kuajiri maelfu, vilikuwa vimeporomoka, na pamba ya mkulima wetu ilikuwa ikiuzwa nje ikiwa ghafi.

Mwaka uliofuata, chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani, SMART, kilipeleka malalamiko kwa Mwakilishi wa Biashara wa nchi hiyo, kikidai uamuzi wa Arusha unahatarisha ajira za Wamarekani. Kilishika AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa nyingi Marekani bila ushuru, mradi ziwe zikiondoa vikwazo kwa biashara ya Marekani. Naam, wauza nguo kuukuu waliwatoa jasho marais.

Kenya ilirudi nyuma mapema. Tanzania na Uganda zikafuata baada ya kuitwa kwenye mapitio ya AGOA. Rwanda ilibaki peke yake: mwaka 2016 ilikuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na ikagoma kuushusha. Julai 2018 Rais Trump akaifutia nafuu ya AGOA kwa upande wa nguo.

Wapo wanaosema utandawazi umeua dola. Kisa hiki kinanifanya nikatae. Aliyetoa adhabu ni dola, tena kwa sheria iliyotungwa na Bunge lake. Tofauti ni kwamba sheria ya Washington inafika hadi Kigali, ilhali azimio la Arusha halikufika popote. Wala ujasiri wa Rwanda tusiupambe kupita kiasi. Nguo ilizokuwa ikiuza Marekani zilikuwa chache mno, hivyo adhabu haikuuma sana. Kenya, yenye viwanda vya EPZ (maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje) vinavyoshona nguo za soko hilo na mafundi wanaotegemea mshahara wa kila mwezi, ilikuwa na mengi ya kupoteza. Uhuru wa kuamua ulikuwa mpana zaidi kwa nchi iliyouza kidogo.

Hata hivyo, kuilaumu Marekani peke yake ni kujidanganya. Nenda soko la Karume, Ilala, jijini Dar es Salaam, asubuhi robota linapofunguliwa. Mwenye mali amelipia kilo 45 bila kujua ndani kuna nini. Kamba zikikatwa, wachuuzi wanagombea chaguo la kwanza kabla hazijabaki zile za kumwaga chini na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Katika mvutano ule, masilahi ya mchuuzi huyu yalikuwa upande mmoja na ya tajiri wa Marekani anayefunga marobota, dhidi ya mkulima wa pamba wa Simiyu, raia mwenzake. Mama aliyetafuta sweta la mtoto kwa bei nafuu alikuwa upande huohuo. Serikali ikisema inalinda taifa, inalinda nani kati ya hawa? Swali hilo halikujadiliwa kwa uzito kabla ya Arusha. Na mitumba ikiondoka, nguo mpya za bei rahisi kutoka China zingewahi kujaza pengo kabla kiwanda cha Mwanza hakijawasha mashine.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi tulivyotengana. Umoja wa forodha wa Jumuiya ulianza mwaka 2005, kwa matumaini kwamba tutasimama sokoni kama nchi moja. Shinikizo lilipokuja, kila serikali ilijiokoa kivyake. Mkataba wa uchumi na Ulaya nao ulikwenda hivyohivyo: mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilisaini, Tanzania ikakataa, na hatimaye Desemba 2023 Kenya ikasaini wa kwake peke yake.

Utandawazi hauzuiliki kwa hotuba za kujitegemea. Wabunge wa Afrika Mashariki wadai kwamba mazungumzo ya biashara na mataifa makubwa yafanywe na Jumuiya nzima, na kabla ya kwenda huko mkulima, fundi cherehani na muuza mitumba wakae meza moja wasikilizwe. Bila hivyo, azimio lijalo la Arusha litazikwa Washington kama lile la kwanza.