Bwawa la Mtu na Watu wa Bondeni

Husemwa kuwa afanyalo mtu shambani mwake halituhusu. Kwa minazi na mikarafuu nakubali. Kwa bwawa, hata kidogo: likipasuka, maji hayaulizi mpaka.

Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, huko Solai, Nakuru, nchini Kenya, bwawa la udongo la kumwagilia mashamba, mali ya mtu binafsi, lilipasuka baada ya mvua kubwa. Walikufa watu zaidi ya 40, wakiwamo watoto wengi. Baada ya msiba, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ilisema halikuwa na kibali. Neno hilo lilifaa kusemwa kabla ya mazishi.

Wahandisi huyapa mabwawa daraja za hatari. Marekani, kwa mfano, wanazo tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Aghalabu sisi hudhani daraja hiyo yaeleza uimara wa ukuta, kumbe yaeleza nani atadhurika ukuta ukivunjika. Hali ya ukuta hupimwa mbali. Basi bwawa dogo lililotunzwa vizuri laweza kuwa la hatari kubwa kwa kuwa chini yake pana nyumba, na bovu lililo juu ya pori tupu likawa la hatari ndogo. Tena daraja hupanda bila ya mwenye bwawa kugusa jembe, watu wakijenga bondeni.

Ukuta wa udongo huharibiwa na mambo madogo. Maji yakipita juu yake huukata, ndiyo maana njia ya maji yaliyozidi haifai kuzibwa na takataka. Mizizi ya miti na mashimo ya wanyama huyafungulia maji njia ya ndani. Na maji yachuruzikayo nyuma ya ukuta yakiwa na tope, ujue udongo unatoka. Usingoje kuambiwa ukimbie.

Hapa Unguja hatuna mito mikubwa, na sisi wa Mji Mkongwe bwawa twalisoma vitabuni tu. Lakini mabonde ya mpunga ya Cheju na Kibokwa yataka maji, na wenye mashamba watataka kuyahifadhi. Na wachimbe, simpingi mtu. Ila kila bwawa liandikwe, likaguliwe kabla ya masika, na daraja yake apewe sheha wa shehia iliyo chini yake, awaeleze watu kwa maneno wanayoyafahamu. Gharama abebe mwenye bwawa; mkulima mdogo akishindwa, Serikali imsaidie.