Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu za kompyuta ilipanda duniani, kwa kuwa viwanda vilielekeza uzalishaji wake kwenye mitambo ya akili bandia. Pigo hilo lamfikia hata askari wa Rusizi aliyejiundia kompyuta ya michezo kwa mshahara wake. Akinunua kifaa kisichooana na vyake, safari ya kwenda Kigali kukibadilisha ni ndefu.

Kumbukumbu ya DDR5 haiingii katika ubao mama wa DDR4. Prosesa ya AM5 haikai katika tundu la AM4. Nayo kadi kubwa ya picha hudai pawa saplai ya kuitosheleza.

Hivyo basi, ndugu askari na polisi, twasisitiza: someni kwanza jina la ubao, pimeni nafasi ya sanduku, ndipo mtoe fedha. Risasi isiyolingana na bunduki haimlindi mtu.