Ushirika ukague kompyuta kama unavyokagua mizani

Mkulima wa korosho au pamba hahitaji kuelezwa umuhimu wa mizani. Mizani mbovu humnyang'anya jasho lake mchana kweupe, ndiyo maana Wakala wa Vipimo huikagua. Lakini kilo zikishaingizwa kwenye kompyuta ya chama cha msingi, ni wachache wanaouliza zimehifadhiwaje. Hapo ndipo penye kasoro.

Ndani ya kompyuta, kumbukumbu hukaa katika safu kama daftari la mapokezi: namba ya mwanachama, tarehe, kilo. Mtengenezaji wa programu huieleza kompyuta kila safu ni ya aina gani: maneno, tarakimu au tarehe. Wengine, kwa kukwepa usumbufu, huweka zote kuwa maneno. Siku ya kwanza hakuna anayeona tofauti.

Tofauti huonekana msimu wa malipo. Kilo zilizowekwa kama maneno hupangwa kama majina: 1000 hutangulia 250, na 250 hutangulia 90. Tarehe 05/11/2023 hukaa mbele ya 12/03/2021.

Kutafuta nako huchelewa. Hifadhidata hutumia faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu. Katika mistari 100,000 iliyopangwa, kugawa nusu kwa nusu humfikisha mtafutaji kwa hatua zisizozidi 17. Lakini namba ya mwanachama ikihifadhiwa kama maneno na kutafutwa kama tarakimu, baadhi ya hifadhidata, MySQL ikiwamo, huiacha faharasa na kupitia mistari yote. Foleni dirishani inarefuka, karani analaumiwa, na chama kinashauriwa kununua kompyuta mpya wakati ile ya zamani haina ubovu wowote.

Hata hivyo, si kila chenye tarakimu ni hesabu. Namba ya simu ikiwekwa kama tarakimu hupoteza sifuri ya mwanzo, na malipo ya mkulima yakakwama. Hiyo ibaki maneno, kwani hakuna anayejumlisha namba za simu. Kilo na shilingi ziwe tarakimu, siku ya mapokezi iwe tarehe.

Bodi za vyama zisisaini mkataba wa programu kabla ya kuonyeshwa orodha ya safu na aina zake. Kurekebisha daftari tupu ni kazi ndogo. Kurekebisha lenye kumbukumbu za misimu mitatu ni gharama, na anayeilipa ni mkulima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.